Injini Iliyosahau

Fundi Sikio alikuwa amekunja miguu juu ya benchi la mahabusu kama mtu anayesubiri basi, na Inspekta alipomwona hivyo alitamani kumtikisa. Mtu anakabiliwa na kesi ya kusababisha kifo, kesho asubuhi faili lake linapelekwa kwa mwendesha mashtaka, naye anasafisha kucha kwa njiti ya kiberiti!

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Sijaja kupimwa uzito." Inspekta akavuta kiti, akakaa upande wa pili wa nondo. "Injini ya lori la Kapteni uliifundisha, au hukuifundisha?"

"Niliifundisha."

"Mkaguzi wa magari amefungua kisanduku cha kompyuta, hakukuta kitu. Anasema uliifunga injini ukaiacha kama ilivyotoka kiwandani."

"Basi hakuna kitu."

"Kwa nini?"

Mzee akaitupa ile njiti. "Andika uzembe. Mimi mtu mzima, macho yamechoka, kompyuta zenyewe nimeanza kuzishika nina mvi. Andika hivyo, nitie saini, ukapumzike."

"Baba mdogo, umeanza lini kusema uongo vibaya namna hii?"

Mzee akainama kuitafuta ile njiti sakafuni. Na hapo ndipo Inspekta alipoingiwa na wasiwasi wa kweli, kwa sababu huyu hakuwa mtu wa kukosa jibu.

Hakuwa baba yake mdogo wa damu. Yeye na marehemu baba yake Inspekta ndio walioanzisha ile gereji ya nyuma ya soko la mbao, enzi ambazo injini zilikuwa chuma, mafuta na cheche tu. Inspekta alikulia mle. Alifanyia kazi zake za shule juu ya tairi kuukuu, na wakimhitaji alikimbia kuwashikia tochi, mkono ukifa ganzi, akikemewa kila mwanga ulipocheza. Alimwona baba mdogo akichukua bisibisi ndefu, anagusisha ncha kwenye injini inayonguruma, anaweka mpini sikioni, anafumba macho. Baba yake anakaa kimya akingoja. Halafu mzee anasema, "Silinda ya tatu inalalamika," na wakiifungua wanakuta ni ya tatu kweli. Ndiyo asili ya jina la Sikio. Zile alasiri zilikuwa na harufu ya dizeli na chai ya kuungua, na mpaka leo Inspekta akipita karibu na gereji yoyote hupunguza mwendo.

Injini za siku hizi hazisikilizwi kwa bisibisi. Zina kisanduku cha kompyuta kinachoamua hewa kiasi gani iingie na mafuta kiasi gani yamwagwe. Ukitoa injini ya gari hili ukaifunga kwenye gari lile, hicho kisanduku lazima ukiweke sawa, kiijue injini iliyo mbele yake, la sivyo kitaiendesha kama ile kiliyoizoea. Mafundi wengi wa rika la Sikio walipoona hivyo walifunga virago. Yeye alinunua kompyuta, akaenda kukaa darasani na watu aliowazidi umri mara mbili, wakamcheka, akacheka nao, akahitimu.

Sasa Kapteni amekufa. Huyo alikuwa dereva wa lori dogo la kubebea unga, rafiki yao wa tangu ujana. Injini yake ya zamani ilipokata roho, Sikio alimfungia nyingine, ya petroli, iliyotoka kwenye gari la aina tofauti kabisa. Wiki moja baadaye, kwenye mteremko wa kinu cha unga, injini ilizimika ghafla, usukani ukawa mgumu kama umepigiwa misumari, breki zikagoma, na lori likaingia kwenye ukuta wa kinu. Kapteni alifia palepale. Mpakizi wake, kijana mmoja mnene aitwaye Bonge, alivunjika mguu.

"Nitarudi," Inspekta alisema akisimama.

"Usijisumbue, mwanangu."

"Nitarudi, nimesema."

*

Lile lori lilikuwa kwenye yadi ya polisi, pua imebonyea. Mkaguzi wa magari, bwana mmoja mtaratibu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, alikuwa ameshajua anachofuatwa.

"Inspekta, najua huyo mzee ni kama mzazi wako. Lakini mimi naandika ninachokikuta."

"Sijakuomba uandike kingine. Nieleze tu, taratibu, ulikuta nini."

Mkaguzi akaufungua mlango wa mbele na kumwonyesha kisanduku chini ya dashibodi. "Humu mna mambo ya aina mbili. Kuna yanayoandikwa na fundi moja kwa moja, hayatoki: nozeli za kumwagia mafuta ni za aina gani, mwisho wa kasi ya mzunguko wa injini ni upi. Hayo yameandikwa, na yameandikwa vizuri, sina neno. Halafu kuna yale ambayo injini inajifunza. Hapa kwenye mlango wa hewa, fundi anakaa nao, injini inanguruma, anakionyesha kisanduku: mguu ukitoka kwenye mafuta, uache mlango wazi kiasi hiki, usiubane zaidi. Mlango huu ni wa injini ngeni. Usipokifundisha, kisanduku kinaubana kwa kipimo cha injini yake ya zamani. Ukiachia mafuta, injini inakosa pumzi, inazima."

"Na hayo ya kujifunza hayakuwemo."

"Hayakuwemo. Patupu."

Inspekta akazunguka mpaka upande wa betri. Waya ulikuwa umechomolewa, umelazwa pembeni, umeviringwa kitambaa.

"Nani kauchomoa?"

"Wazima moto, palepale kwenye ajali. Petroli ilikuwa inavuja, ndio utaratibu wao."

"Na betri ikichomolewa, yale ya kujifunza yanakuwaje?"

Mkaguzi akautazama ule waya. Akavua miwani, ikabaki inaning'inia kifuani. "Yanafutika," alisema. "Ee, Mungu wangu. Yanafutika. Kwa kisanduku cha aina hii yanafutika yote."

"Kwa hiyo huo utupu wako hauniambii kitu. Huenda aliifundisha, wazima moto wakafuta."

"Kweli kabisa. Na hilo nitaliandika leo hii hii, kwa mkono wangu." Mtu muungwana, yule, wengine wangeanza kubishana. "Lakini Inspekta, usifurahi mapema. Injini ilizimika kabla wazima moto hawajafika. Kitu kiliizima. Mkuu wako atakuuliza ni nini, na kama huna jibu, atarudi kwa fundi."

Alisema kweli. Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa kupenda mafaili yaliyofungwa, na fundi aliyekiri uzembe ni faili linalojifunga lenyewe.

*

Bonge alikuwa amelazwa wodi ya wanaume, mguu umeinuliwa juu, kitanda kinamlalamikia.

"Wamenipunguzia chakula," alisema kabla hata ya salamu. "Nimevunjika mguu, tumbo langu lina kosa gani?"

"Nitaongea nao. Hebu niambie, tangu injini mpya ifungwe, lori lilikuwaje?"

Uso wa Bonge ukabadilika, ule utani ukamtoka. "Lilikuwa tamu, dada. Tulikwenda nalo safari ya mbali, tunalala njiani, tunapakua, tunapakia. Hata siku moja halikutusumbua. Kapteni alikuwa anaendesha anaimba. Alisema amerudishiwa miaka yake."

"Na siku ya ajali?"

"Siku hiyo liliamka vibaya. Tulikuwa tumerudi jana yake, kila mtu amelala kwake. Asubuhi amenipitia, na njia nzima akiachia mafuta tu, linakohoa, linazima. Mara mbili au tatu. Anawasha tena, anacheka, anasema, bibi harusi kanuna. Nikamwambia tupitie kwa fundi. Akasema tushushe huu mzigo wa kinu kwanza, halafu twende."

Akageuza uso ukutani. Inspekta akauliza kwa sauti ya chini, "Kuna kingine kilichokuwa tofauti? Hata kidogo."

"Hakuna. Labda redio."

"Redio imefanya nini?"

"Ile ilitoka kwenye gari lililotoa injini. Fundi alimfungia kama zawadi, akamtegea stesheni ya zilipendwa. Ukiwasha lori tu, nyimbo za zamani hizo, wanacheza wale wa enzi zao. Mimi nilishachoka nazo, kusema ukweli. Asubuhi ile redio ikawa inapiga kelele tu, shhh, haina stesheni hata moja. Kapteni alihangaika nayo mpaka tunafika mteremkoni. Hakuipata."

Inspekta akawa anaikunja na kuikunjua kofia yake. Redio isiyokumbuka stesheni, na injini isiyokumbuka mlango wake wa hewa. Vyote viwili vinakula kwenye betri moja. Jana yake vinakumbuka, asubuhi vimesahau, na wazima moto hawajapata habari yoyote. Mtu aliichomoa betri usiku huo, kisha akairudisha.

"Lori lililala wapi?"

"Nyumbani kwa Kapteni. Ndiyo mara ya kwanza kulala kwake tangu injini mpya."

*

Nyumba ya Kapteni ilikuwa na ua mpana wa kuegeshea lori, na pale lilipozoea kusimama ardhi ilikuwa nyeusi kwa miaka ya mafuta yaliyodondoka. Mjane alikuwa ameketi kwenye kibaraza, mtandio umeteremka mabegani, anachambua maharage bila kuyatazama. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuzoea kuita watu kutoka mbali.

"Kama umekuja kumwombea yule mtu, rudi ulikotoka," alisema. "Wewe nakupenda, nilikubeba mgongoni. Lakini yule simtaki hata kusikia habari zake. Alikula kwangu, akalala kwangu, akaenda kumfungia mume wangu jeneza."

"Sikuja kumwombea, mama. Nimekuja kuuliza habari za Kapteni. Akirudi na lori jioni, kawaida yake ilikuwa nini?"

Swali hilo lilimlainisha. Mkono ukaacha maharage.

"Kawaida yake? Mbona ilikuwa ileile tangu ananioa. Anapiga honi mara moja pale kwenye kona ili niweke maji ya kuoga. Akiingiza lori, hashuki haraka, anakaa kidogo anaisikiliza injini inavyopoa, tik, tik, tik. Halafu anachukua spana, anachomoa waya wa betri. Wezi wa magari walikuwa wengi zamani, na betri zenyewe zilikuwa zinaisha umeme ukiziacha zimefungwa. Spana anaiweka dirishani. Ndipo anaingia, ndipo ananisalimia. Nilikuwa namwambia, mke mwenzangu ni lori." Akatabasamu, na mara hiyo hiyo macho yakamjaa. "Nilikuwa namsema bure. Sasa hivi ningetoa chochote niisikie ile honi."

Inspekta alikuwa anaandika. "Na jioni ya mwisho?"

"Alikuja amechoka hoi. Honi hakupiga. Nikamwona anashuka moja kwa moja, anaingia ndani, hata chakula hakumaliza. Akaniambia, mke wangu, nina mengi ya kukusimulia, lakini kesho. Akalala."

"Betri?"

"Hakuichomoa. Nilichungulia dirishani nikaona spana ipo palepale, haijaguswa." Akashusha sauti, kama mtu anayefichua jambo la chumbani. "Siku za karibuni alikuwa anasahausahau, mwanangu. Miwani, funguo, majina ya watu. Ilimuuma. Mwanamume akizeeka humwambii amesahau, unamzibia tu pengo, unanyamaza. Basi nikatoka nikaichomoa mwenyewe. Alishanifundisha zamani. Na alfajiri, kabla hajaamka, nikaifunga, nikakaza vizuri. Hakujua. Aliondoka zake akijua mambo yote yamekaa sawa."

Kalamu ya Inspekta ilisimama.

Ndege walikuwa wanapigana juu ya bati. Mjane akamtazama. "Vipi? Mbona umeacha kuandika?"

"Wino, mama," Inspekta alisema. Akaifunga ile kalamu iliyojaa wino, akaaga, akatoka pale uani kwa haraka isiyokuwa na adabu.

*

"Kapteni ulimwonya," alimwambia Sikio. Safari hii hakukaa. "Ulimwambia betri ya injini hii haichomolewi."

"Nilimwapisha. Akaweka mkono juu ya boneti, akaapa, akacheka."

"Kwa hiyo jioni ile hakusahau. Aliiacha kwa makusudi, alikuwa anatii ulichomwambia."

Mzee akaishusha miguu kutoka kwenye benchi.

"Na wewe uliposikia lori lilizimika hovyo asubuhi ile, na lilikuwa limelala nyumbani, ulijua. Kapteni hawezi kuichomoa, ameapa. Na umekaa kwenye kile kibaraza miaka mingi, umemwona mkewe akitoka na spana siku mumewe alipochoka akasahau."

"Nilimwambia Kapteni," Sikio alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Sikumwambia shemeji. Ilikuwa niende nikamwambie na yeye. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili wanaolihudumia lori, mimi nikamwonya mmoja. Sasa huo si uzembe?"

"Si uzembe wa kukufunga."

"Nifungwe tu. Ukiliandika hilo, mimi nitatoka humu, yeye ataingia mahali pabaya kuliko humu."

"Sheria haiwezi kumgusa, baba mdogo. Hakujua."

"Nani kazungumzia sheria?" Akazishika nondo, na kwa mara ya kwanza sauti ikapanda. "Mwanamke ametoka kitandani kwa mapenzi tu, akamzibia mumewe pengo, asimwaibishe. Umwambie mapenzi hayo ndiyo yaliyomuua? Utamwambia wewe? Kwa mdomo upi?"

Inspekta hakuwa na mdomo huo. Alikuwa anajua cha kufanya, na kazi ilimtaka akifanye. Akawaza kuandika kwamba Kapteni ndiye aliyeichomoa, maiti hakanushi. Akaona jinsi faili litakavyofungwa vizuri, na kila mtu atakavyokwenda nyumbani.

"Hana haja ya kuniambia," ilisema sauti nyuma yake.

Mjane alikuwa amesimama kwenye mlango wa korido. Askari wa kaunta alikuwa anamfuata akijaribu kumzuia, lakini yule hakuwa mwanamke wa kuzuiwa na kijana wa kaunta.

"Kalamu yako haikuishiwa wino," alimwambia Inspekta. "Nilikuona unavyotoka, kama umeona nyoka. Nimekaa pale nikajiuliza, nimesema nini? Nikarudia maneno yangu, moja moja, nikafika kwenye betri. Nimeishi na dereva tangu nikiwa msichana, mimi si mjinga wa magari. Ni ile betri?"

Sikio akaziachia nondo, akarudi benchini.

"Ni ile betri," alijijibu mwenyewe. Akaweka kiganja ukutani, akasimama hivyo, macho ameyafumba. Inspekta akasogea kumshika, akamkataza kwa kidole. Alipofumbua macho alikuwa anamtazama Sikio.

"Shemeji. Ulijua."

"Nilijua."

"Na nilivyokuwa nakulaani, mbele ya ndugu zako, mbele ya watoto wangu, ulikuwa unasikia."

"Nilikuwa nasikia."

"Na ukanyamaza." Akasogea mpaka kwenye nondo. "Mtu niliyejua ananipenda, ndiye niliyemchagua kumchukia. Ungekwenda jela, ungefia huko, na mimi ningekuwa nimekaa kibarazani nafurahi. Hayo ndiyo uliyoniwekea, shemeji? Huo ndio wema?"

Sikio alianza kulia, kwa sauti, kama wanavyolia watu ambao hawakuzoea. "Sikujua la kufanya," alisema. "Alikuwa rafiki yangu. Sikujua la kufanya na nyinyi wawili."

"Andika, mwanangu," mjane alimwambia Inspekta bila kugeuka. "Andika ni mimi niliyeichomoa, ni mimi niliyeirudisha, na kwamba nilifanya nilivyofundishwa na mume wangu. Usinipunguzie hata neno. Halafu umfungulie huyu mzee."

Inspekta aliandika, amesimama, karatasi ameilaza juu ya meza ya mlinzi. Akachana ukurasa wa kwanza, akaanza upya. Mjane akaisoma, akatia saini. Kisha funguo zikaletwa, mlango ukafunguliwa, na Sikio akatoka akiwa ameinamisha kichwa, hathubutu kumkaribia.

Mjane akakaa kwenye benchi la korido. Akapiga-piga pale ubavuni mwake, na baada ya muda mzee akaja akakaa.

"Aliniambia ana mengi ya kunisimulia," alisema. "Akalala hajanisimulia. Wewe ulikuwepo siku mlipoiwasha hiyo injini mara ya kwanza. Nisimulie wewe. Alifanyaje?"

Sikio alipangusa uso kwa kiganja chenye madoa ya grisi.

"Alicheka, shemeji. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniambia, izime, izime kwanza. Nikamuuliza kwa nini, tumehangaika nayo wiki nzima. Akasema, mke wangu ndiye aisikie wa kwanza."